Kwanza Thibitisheni Kwamba Mpo

Tarehe 23 Machi 2000, majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Kenya walitoa uamuzi kuhusu Waogiek wa msitu wa Tinet, kusini-magharibi mwa Mau. Waogiek hao walikuwa wameiomba mahakama iizuie serikali kuwafukuza kwenye ardhi ambamo babu zao walirina asali na kuwinda kabla Kenya haijawa koloni la mtu. Majaji waliwakatalia. Mojawapo ya sababu zao ndiyo inayostahili kutafakariwa: kwa maoni ya mahakama, walalamishi hawakuwa tena watu wa msitu. Walikuwa wakilima. Walikuwa wamejenga shule, makanisa na maduka. Aliyekwisha kuyapokea maisha ya kisasa, basi, hawezi kuudai msitu kwa jina la desturi za mababu. Akitaka kuutumia, aombe leseni kama raia mwingine yeyote.

Hakuna Mkikuyu aliyewahi kuambiwa kwamba amepoteza shamba la babu yake kwa kuwa ameacha kuvaa ngozi na kuanza kufunga tai. Hakuna Mchaga anayenyang'anywa kihamba cha ukoo wake kwa sababu ana televisheni sebuleni. Mwogiek ndiye anayetakiwa abaki kama alivyokutwa na wakoloni, la sivyo ahesabiwe kuwa ametoweka. Na akibaki vilevile, huambiwa yuko nyuma, atolewe msituni apelekwe penye zahanati na barabara. Akibadilika anatoka, asipobadilika anatoka.

Nimeanza na uamuzi huo kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo naliona kuwa kiini cha utetezi wa jamii ndogo mahakamani. Wengi hudhani kesi za aina hii ni ugomvi wa ardhi, au wa vitambulisho, au wa fidia. Ni kweli, lakini kabla ya hayo yote kuna swali ambalo jamii kubwa haiulizwi: ninyi ni nani, na nani amesema kwamba ninyi ni jamii? Wakili anaweza kuwa na ushahidi wa kila nyumba iliyochomwa na kila ng'ombe aliyepotea. Asipolijibu swali hilo kwanza, atakuwa na kundi la watu walioumizwa mmojammoja, na sheria itawapima mmojammoja, na mmojammoja watashindwa.

Swali hilo lina historia. Kati ya mwaka 1932 na 1934 Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya uenyekiti wa Sir Morris Carter, ilizunguka nchini ikisikiliza madai ya Waafrika kuhusu ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Waogiek, ambao maafisa wa kikoloni waliwaita Dorobo, hawakupewa eneo lao. Tume ilipendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa yaliyo jirani nao na wayeyukie humo. Ramani za serikali zilizofuata zikaenda hivyohivyo: hapa Wamaasai, hapa Wanandi, hapa Wakipsigis, hapa msitu wa serikali. Mau yote ikaandikwa kana kwamba haina mwenyewe. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilirithi ramani hizo pamoja na mapengo yake. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima, na kazi iliyowalisha Waogiek kwa vizazi ikawa kosa la jinai.

Ardhi hiyo haikuwa tupu hata siku moja. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, ukianzia mabondeni na kupanda mpaka kwenye nyanda za juu zenye baridi, kwa sababu maua hayachanui pote kwa wakati mmoja. Mrina asali aliwafuata nyuki kwa misimu, akijua mzinga gani ni wa nani, na mpaka wa ukoo wake uko kwenye mto gani. Huo ulikuwa mfumo kamili wa umiliki, wenye mipaka, warithi na adhabu kwa mwizi. Kilichokosekana ni karatasi tu.

Hata hivyo, ili jamii kama hiyo ifike mbele ya jaji, ilibidi kwanza mlango wa mahakama ufunguliwe, na kwa muda mrefu haukufunguliwa kwa mtu aliyekuja kutetea zaidi ya mfuko wake. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi. Kesi yake ilitupwa. Mahakama ilisema kwamba yeye binafsi hakuwa ameumizwa kuliko mkazi mwingine wa mji, hivyo hakuwa na haki ya kusimama pale kulalamika. Jumba halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za wananchi na kujitoa kwa wafadhili. Mahakama haikuwa na mchango. Kwa kipimo hicho, mali ya wote haina mtetezi, maana kila mmoja ataambiwa hakuumia kuliko mwenzake. Na ardhi ya jamii ni mali ya wote kwa maana iliyo kamili kabisa.

Tanzania ilitangulia kukilegeza kipimo hicho. Katika kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila mwaka 1993, Jaji Kahwa Lugakingira alikubali kwamba mwananchi anaweza kuifikisha serikali mahakamani kwa ajili ya umma, hata kama hana dhara la kwake peke yake. Kenya ilisubiri Katiba ya 2010. Ibara ya 22 na ya 258 zinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 zilikwenda mbali zaidi: ombi la kulinda haki za kikatiba linaweza kupokewa hata likiandikwa kama barua ya kawaida. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 63, inaitaja ardhi iliyokaliwa kwa jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kwa mara ya kwanza, ule ukanda wa ukoo kutoka bondeni hadi juu ulipata pa kushika katika sheria kuu ya nchi.

Waendorois, jamii nyingine ndogo ya Kenya, hawakuwa na haya yote walipoanza kwenda mahakamani.

Nchi yao ni pembezoni mwa Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa, ziwa la magadi lenye chemchemi za maji moto na heroe wasiohesabika. Kwa mgeni ni mandhari ya kupiga picha. Kwa Mwendorois, roho za waliokufa hukaa ziwani humo, popote walipozikwa. Msitu wa Mochongoi ulio juu yake ndiko jamii ilikoanzia. Na udongo wa chumvi wa pembezoni mwa ziwa ndio uliowapa mifugo afya. Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, ikitumia jina la kikoloni la Ziwa Hannington, na mwaka 1978 ikalitangaza upya kwa jina la Bogoria. Watu waliambiwa waondoke. Kwa maelezo ya jamii, ahadi zilikuwa nyingi: familia 400 zingepewa mashamba yenye rutuba, jamii ingepata asilimia 25 ya mapato ya utalii na asilimia 85 ya ajira, na majosho na mabwawa ya maji yangejengwa. Mwaka 1986 familia 170 kati ya hizo 400 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Walihamia nyanda kavu, mifugo ikafa, na waliporudi ziwani kutambika walihitaji ruhusa ya askari wa hifadhi.

Mahakama Kuu ya Nakuru ilitupilia mbali kesi yao mwaka 2002. Hoja yake ilikuwa kwamba hifadhi ilitangazwa kwa kufuata sheria, na kwamba sheria ya Kenya haikuwa na nafasi ya ulinzi maalumu kwa ardhi ya watu kwa sababu tu ya historia na utamaduni wao. Baada ya hapo shirika la Nairobi liitwalo CEMIRIDE, ambalo Korir Sing'Oei alikuwa mmoja wa waasisi wake, lilishirikiana na Minority Rights Group ya London kuipeleka kesi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Ilisajiliwa kama shauri namba 276 la mwaka 2003.

Mbele ya Tume, serikali ilijitetea kwa hoja ambayo sasa msomaji ataitambua. Waendorois, ilisema, si jamii ya peke yake. Ni Watugen tu, tawi mojawapo la Wakalenjin. Wanazungumza lugha ile ile, na wengine wao wamesoma na kuajiriwa kama Wakenya wote. Kama si jamii, hawana ardhi ya jamii ya kurudishiwa. Jambo lililoniuma zaidi nilipousoma uamuzi huo halikuwa hoja hiyo, bali dogo lililokuwa pembeni yake: Kamati ya Ustawi wa Waendorois, chombo ambacho jamii ilikiunda ili kuzungumza kwa sauti moja, ilikuwa imenyimwa usajili. Serikali iliyodai kwamba watu hawa si jamii ndiyo iliyokuwa ikiwazuia kusajili chama chenye jina lao.

Tume ilitoa uamuzi wake mwishoni mwa mwaka 2009, na viongozi wa Umoja wa Afrika wakaupitisha mwanzoni mwa 2010. Waendorois walitambuliwa kuwa watu wenye historia, imani na eneo lao, na jambo la kuwa na undugu na Watugen halikuwafuta. Tume ilikwenda mpaka Amerika ya Kusini kutafuta mfano na ikaupata katika hukumu ya mwaka 2007 kuhusu Wasaramaka wa Suriname, wazao wa watumwa waliojikomboa na kuishi msituni. Ilisema kwamba haki ya kumiliki mali, kuabudu, kushika utamaduni, kunufaika na maliasili na kupata maendeleo zote zilivunjwa. Iliitaka Kenya irudishe ardhi, ifungue njia ya kwenda ziwani, ilipe fidia, igawane mapato ya hifadhi na jamii, na iisajili ile Kamati.

Usajili ulikuja. Njia ya kwenda ziwani ilifunguka kwa kiasi. Ardhi haikurudi. Mwaka 2011 Bogoria, pamoja na Nakuru na Elmenteita, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO bila wenyewe kuombwa ridhaa, mwaka mmoja tu baada ya Umoja wa Afrika kukubali kwamba wana haki juu ya ziwa hilo. Mwaka 2014 serikali iliunda kikosi kazi cha kuangalia utekelezaji wa uamuzi, na hakuna Mwendorois aliyewekwa ndani yake.

Uamuzi wa Tume una udhaifu unaojulikana na kila wakili: kwa serikali isiyotaka kusikia, ni pendekezo. Ndiyo maana kesi ya Waogiek, iliyofuata, ililazimika kupanda ngazi moja zaidi.

Mau ni msitu wa milima wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000. Mto Mara unaanzia huko, unapita kwenye mbuga za Kenya, unaingia Serengeti na kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Sondu, Njoro na mito mingine nayo ina chimbuko lake huko. Kwa hiyo mtu akisema Mau ni uhai wa mamilioni, hasemi uongo. Oktoba 2009 Idara ya Misitu ya Kenya ilitoa ilani kwamba wakazi wote wa msitu waondoke ndani ya siku 30, na sababu iliyotajwa ilikuwa kulinda vyanzo vya maji. Waogiek walihesabiwa humohumo pamoja na wavamizi waliofika juzi.

Mpango wa Maendeleo ya Watu wa Ogiek, unaojulikana kwa kifupi OPDP na kuongozwa na Daniel Kobei, ulikimbilia Banjul pamoja na CEMIRIDE mwezi uliofuata. Tume iliitaka Kenya isimamishe ufukuzaji. Haikujibiwa. Julai 2012 Tume yenyewe ikaipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha.

Hapa inabidi nieleze mfumo kidogo, kwa sababu wananchi wengi huuliza kwa nini hawawezi kwenda Arusha moja kwa moja. Itifaki iliyoanzisha Mahakama inaruhusu mtu binafsi au shirika kufungua kesi endapo tu nchi inayoshtakiwa imetia saini tamko maalumu la kukubali hilo. Kenya iliridhia Itifaki mwaka 2004 lakini haijawahi kutia saini tamko hilo. Rwanda ililitoa kisha ikalifuta mwaka 2016. Tanzania, nchi mwenyeji wa Mahakama, ilifanya vivyo hivyo Novemba 2019. Kwa raia wa nchi hizi, njia iliyobaki inapita Banjul: Tume ikilipokea lalamiko lako, na ikiona inafaa, itaipeleka kesi Arusha kwa jina lake. Na kabla ya Banjul, mlalamishi lazima awe amejaribu mahakama za nchi yake, au aonyeshe kwamba kungoja huko hakuna tija. Ndiyo sababu mashauri haya huchukua umri wa mtoto kutoka kuzaliwa hadi kumaliza shule ya msingi, na wazee walioapa kama mashahidi huzikwa kabla ya hukumu kusomwa.

Kenya ilirudi na hoja zilezile. Waogiek wa leo, ilidai, si wale wa zamani. Wamechanganyika, wanaishi kama watu wengine. Wakati huohuo ilidai kwamba kukaa kwao msituni kunauharibu msitu kwa madhara ya umma.

Hukumu ilisomwa tarehe 26 Mei 2017. Naishauri kila shule ya sheria Afrika Mashariki iwasomeshe wanafunzi wake hukumu hii mwanzo hadi mwisho, na natamani isomwe kwa Kiswahili katika kila kijiji cha Mau, maana inawahusu wenyewe kuliko inavyotuhusu sisi tunaoichambua. Mahakama ilianza na lile swali la kwanza. Iliangalia kama watu hawa walitangulia kukaa mahali hapo, kama wanaendelea kwa hiari yao na namna yao ya maisha, kama wao wenyewe wanajitambua hivyo na wengine wanawatambua, na kama wametengwa na kudhulumiwa. Majibu yote yalikuwa ndiyo. Kisha ikaligusa donda la mwaka 2000: kubadilika kwa utamaduni, na hasa kubadilika kunakotokana na kufukuzwa, hakuifuti jamii. Mwogiek anayelima mahindi bado ni Mwogiek.

Kuhusu msitu, Mahakama iliangalia ripoti zilizokuwa mbele yake na kusema kwamba hakukuwa na ushahidi wa Waogiek kuiharibu Mau. Walioiharibu walikuwa wavamizi kutoka nje, pamoja na serikali yenyewe, iliyomega misitu kwa ajili ya makazi na kugawa vibali vya kukata miti bila busara. Mwaka 2001 peke yake, takriban hekta 35,000 za Mau Mashariki zilitangazwa kuondolewa kwenye msitu uliohifadhiwa. Hoja ya maslahi ya umma iliyotumiwa dhidi ya Waogiek ilikuwa imegeuzwa juu chini: wale walioutunza msitu walifukuzwa kwa jina la uhifadhi, na waliougawa walibaki na jina la wahifadhi. Mahakama iliona vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu vimevunjwa. Haikukubali kwamba haki ya kuishi ilivunjwa, kwa kuwa haikuona uhusiano wa wazi kati ya ufukuzaji na vifo. Hapo nadhani ilikuwa na tahadhari kupita kiasi, lakini ilieleza sababu zake.

Ushahidi wa kesi kama hii haupatikani kwenye masijala ya ardhi, kwa sababu masijala ndiyo iliyowasahau. Wakili wa jamii ndogo analazimika kuanza upya. Anakaa na wazee na kuandika majina ya mito, miti na mapango, kisha anayaweka kwenye ramani ambayo mtu wa Arusha anaweza kuisoma. Anatafuta barua za maafisa wa wilaya wa miaka ya 1930 waliolalamika kwamba watu hawa hawataki kuhama, maana barua ya adui ni shahidi mzuri kuliko wimbo wa sifa. Analeta wataalamu wa umiliki wa ardhi waeleze kwamba mzinga juu ya mti unaweza kuwa mpaka halali sawa na nguzo ya saruji. Na anapaswa kuhakikisha kwamba jamii inafuata kila hatua, kwa sababu kesi itaishi kuliko wakili. Donald Deya wa Muungano wa Wanasheria Afrika aliyesimama kwa niaba ya Tume, mawakili wa Minority Rights Group, watafiti waliotoa ushahidi, wote walikuja na wataondoka. Wanaobaki na hukumu mkononi ni watu wa Mau.

Kuna jambo sipendi kulificha. Kazi hii inaendeshwa kwa fedha za wafadhili, nyingi zikitoka Ulaya na Marekani, na mfadhili akibadilisha mpango wake kesi inaweza kukwama katikati. Serikali huitumia hali hiyo kudai kwamba kesi zenyewe ni za kigeni. Sikubaliani na dai hilo, kwa kuwa aliyefukuzwa si mgeni, lakini nadhani vyama vya mawakili vya Kenya, Tanzania na Uganda vingeweza kubeba mzigo mkubwa zaidi ya vinavyobeba sasa. Kampuni kubwa za uwakili za Nairobi na Dar es Salaam zina watu wa kutosha kuitoa angalau kesi moja ya jamii kila mwaka bila malipo.

Si kila jamii imefika mbali kwa njia ya mahakama. Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani, waliishi miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na muda si mrefu wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wanubi walitumia njia zote mbili. Mababu zao waliletwa Kenya kama askari wa jeshi la Waingereza, na wajukuu waliozaliwa Kibera walipoomba kitambulisho waliitwa mbele ya kamati za uhakiki na kudaiwa hati za babu, mambo ambayo vijana wa makabila makubwa hawakudaiwa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika tangu kuzaliwa. Juni 2017, baada ya shinikizo la muda mrefu, walikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera. Nawataja kwa ufupi tu, ili ionekane kwamba swali lilikuwa lile lile, hata pale ambapo kilichokuwa mezani kilikuwa kadi ya plastiki badala ya msitu.

Fidia ya Waogiek iliamuliwa tarehe 23 Juni 2022. Tume ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni 297. Mahakama iliagiza shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu ya moyo, ziwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii. Ukizigawa kwa watu wapatao 20,000 waliotajwa kwenye kesi, kila mmoja anapata shilingi 7,900 hivi, kwa karibu karne moja ya kufukuzwa. Ombi la kwamba serikali iombe radhi hadharani lilikataliwa. Mahakama iliona hukumu yenyewe inatosha. Waogiek wengi wangependelea maneno hayo machache kuliko shilingi, na ninawaelewa.

Uzito wa hukumu hiyo, hata hivyo, uko kwenye amri za ardhi. Kenya iliagizwa kupima, kuweka mipaka na kutoa hati ya pamoja ya ardhi ya jadi ya Waogiek, ikishauriana nao kwa namna wanayoamua mambo yao wenyewe. Iliagizwa kufanya mazungumzo na wenye mikataba ya kupangisha ndani ya ardhi hiyo, kuitambua lugha na utamaduni wao, na kutoa taarifa ya utekelezaji ndani ya miezi 12.

Miezi 12 ilipita, hati haikutoka. Novemba 2023 askari wa misitu waliingia Sasimwani, upande wa Narok, wakabomoa na kuchoma nyumba, na mamia ya watu, wakiwemo Waogiek, wakabaki nje msimu wa mvua. Ilikuwa miaka sita na nusu baada ya Arusha kusema kwamba hawakupaswa kuguswa.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, hukumu ilikuwa ya nini. Jibu langu linatoka kwenye uamuzi wa mwaka 2000. Wakili wa serikali akisimama leo mbele ya jaji wa Kenya na kudai kwamba Waogiek si jamii, au kwamba waliacha kuwa jamii siku walipojenga shule, atakutana na hukumu iliyokwisha kulikata shauri hilo kati ya wahusika walewale, na Katiba inayosema kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Watetezi wa Tinet hawakuwa na silaha hiyo. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa jamii kujisajili, kuchagua kamati yake na kuomba ardhi yake ipimwe. Kinachogomba sasa ni nani atamwamuru mpimaji aende Mau, na lini. Hilo linahitaji saini za maafisa wanaojulikana, katika ofisi zinazojulikana, na Waogiek wanaendelea kuzidai, kwa ramani zao, mawakili wao, na hukumu mbili zilizosomwa Arusha.